Viti vya Anselmo

Marehemu mume wangu Himid, Mungu amrehemu, aliacha mjane mmoja, binti mmoja na Plymouth moja ya mwaka hamsini na tano. Nimewataja kwa mpangilio wa adabu. Mwenyewe angeanza na Plymouth.

Alifariki mwezi wa Machi mwaka themanini na tisa, ghafla, akiwa kazini kwenye gereji ya mabasi. Miaka ishirini alitengeneza mabasi ya London bila ya kupenda hata moja. Mimi nikakaa eda nyumbani kwetu Kenton, miezi minne na siku kumi, sitoki ila kwa dharura, sionani na wanaume wa kando. Dirisha la ukumbi wetu linatazama barabarani, na baina ya dirisha na barabara, pale ambapo majirani wamepanda waridi, sisi tulipanda gari. Kwa hiyo eda yangu niliikaa nikitazamana nalo. Lina taa mbili kubwa za mbele na bampa linalong'aa kama meno ya bandia, na kila asubuhi nilipofungua pazia lilikuwa linanichekea.

Wenzetu waliotoka Unguja baada ya mapinduzi walikuja na walichoweza: dhahabu iliyoshonewa kwenye upindo, hati za nyumba ambamo hawatalala tena. Himid alikuja na picha ya gari. Lilikuwa la tajiri mmoja wa Vuga, gari la Kimarekani, pana kama baraza, na yeye akiwa kijana wa miaka kumi na minane ndiye aliyekuwa akiliosha kila asubuhi. Mapinduzi yalipotokea gari lilichukuliwa, likaendeshwa na watu wasiojua gia, likafa. Hilo ndilo alilolihadithia maisha yake yote. Alipoteza pia kaka wawili wiki ile ile. Habari za kaka zake sikupata kuzisikia kinywani mwake hata mara moja. Habari za gari naweza kukuhadithia mpaka namba.

Plymouth aliipata mwaka sabini na tano, kwenye banda la mkulima mmoja nje ya mji, kuku wakiwa wanataga ndani yake. Akaivuta mpaka Kenton kwa kamba. Nilipotoka kutazama nikauliza, "Gari liko wapi?" maana nilichokiona ni kutu iliyosimama katika umbo la gari. Alikuwa ameshaanza kuokota mayai.

Haukupita muda wakapatikana wagonjwa wenziwe. Praful wa Mombasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Kenton. Harjit wa Nairobi, fundi wa kupiga rangi kule Kilburn. Na wengine, mpaka wakatimia kumi na mmoja, wakajiita klabu. Wanaume kumi na mmoja kutoka Afrika Mashariki, wenye magari yaliyotengenezwa kwa barabara za Marekani, wanaishi katika mji ambao barabara zake zilipimwa kwa farasi mwembamba. Kila Jumapili walikutana kwetu kunywa chai yangu, kula sambusa zangu na kuzozana. Praful alikuwa wa madhehebu ya asili: kila skrubu iwe kama ilivyotoka kiwandani, na anayebadilisha ni kafiri. Himid alikuwa wa madhehebu ya kubadilisha.

Na alibadilisha. Kwanza aliishusha Plymouth, kwa kuwa katika magazeti ya California magari yalikuwa yamelala chini kama paka anayewinda. Ikashuka vizuri kabisa, mwaka huo huo manispaa wakajenga matuta mtaani kwetu. Kisha akang'oa vishikio vya milango, kwa kuwa California wameving'oa, akatia swichi ya umeme aliyoificha chini ya kizingiti. California haijui mvua. Siku ya Idi mvua ilinyesha, swichi ikaingia maji, na sisi watatu tukabaki tumefungiwa mbele ya kituo cha treni, na nguo zetu mpya na sahani ya maandazi mapajani. Waingereza walipita wakatupungia mikono. Walidhani tunafanya maonyesho. Harjit ndiye aliyekuja kututoa kwa bisibisi, na binti yetu Salha, aliyekuwa na miaka minane, akaapa kwa Kiingereza kwamba akikua atapanda baiskeli.

Sasa nifike kwenye viti.

Viti vya gari la namna ile, likishabadilishwa, vinatakiwa vishonwe kwa mirija: ngozi inashonwa mistari mistari, kila mstari unajazwa mpaka unatuna kama kidole, mmoja pembeni ya mwenziwe, kutoka mlango hadi mlango. Himid aliniletea gazeti, ngozi nyeupe na ngozi ya kijani. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha makoti, na walipokifunga nilinunua ile cherehani kubwa niliyokuwa nikishonea, ikakaa chumba cha nyuma. Gazeti lilisema mirija ijazwe kwa kusukuma sponji na fimbo. Nilijaribu, ikatoka na vifundo kama mguu wenye mishipa. Nikaliweka gazeti kando, nikajaza kama bibi yangu alivyokuwa akijaza mito ya sufi: kidogo kidogo, kwa ncha ya mwiko, kidole gumba kikipapasa kwa juu. Ilinichukua miezi miwili. Himid alipokaa juu yake mara ya kwanza alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Umenirudisha." Hakusema wapi, wala sikuuliza.

Baada ya hapo akaja na kiti cha Harjit. "Rafiki ana shida," akasema. Halafu cha Praful, aliyehama madhehebu kwa ajili ya viti tu. Halafu cha fulani na cha fulani. Katika miaka kumi na minne nilishona magari yote kumi na moja, na mengine mara mbili. Kila kiti kilipotoka kwangu, baada ya siku chache kulitokea kitu kwenye Plymouth: bampa, wavu wa mbele, taa za nyuma, magurudumu yenye duara jeupe. "Marafiki wamenipa," akisema Himid. Nikamshukuru Mungu kwa kumjaalia marafiki wema.

Siku ya kumi na mbili ya msiba Praful na Harjit walikuja kunijulia hali. Walikaa kwenye viti vya korido, mimi nikawa ukumbini, pazia katikati, Salha akiwapitishia chai.

"Bhabi," akasema Praful, yaani shemeji kwa lugha ya kwao, "pole tena. Tuna jambo moja, tunaona haya kukuuliza."

"Ulizeni."

"Anwani ya Anselmo."

"Anselmo ndiye nani?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Harjit akasema, "Anselmo, shemeji! Fundi wa viti. Yule Mreno."

"Sisi hatujawahi kumwona," akaeleza Praful. "Himid alisema mzee hapendi watu, anashona ghorofani kwake, hapokei mgeni ila yeye. Pesa hataki, anataka vipuri tu. Tukampa Himid vipuri ampelekee. Na kila Krismasi, kwa kuwa ni Mkristo, chupa ya mvinyo kutoka kwa kila mmoja wetu."

"Chupa kumi," akasema Harjit. "Nzuri! Si za duka la pembeni."

Nikakumbuka jirani yetu wa mkono wa kulia, Bwana Lawrence, mzee wa Kiingereza, ambaye kila Krismasi alimkumbatia Himid kwenye uzio akimwita jirani bora kuliko wote London. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya sambusa.

"Na hakuja mazishini," Harjit akaendelea, sauti ikipanda. "Mtu amekula chumvi na Himid miaka kumi na minne, maiti anazikwa, yeye hata simu! Shemeji, mimi nataka anwani nimwendee nimwambie usoni."

"Sinayo," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Walipoondoka niliitazama Plymouth kupitia dirishani. Bampa, taa, magurudumu, wavu. Kumbe gari zima lile, ukiacha injini na kutu, lilikuwa sindano yangu. Na mwenye sindano ni Mreno asiyezaliwa.

Nitasema wazi nilivyokuwa, maana naandika nisije nikajidanganya baadaye. Nilimkasirikia maiti. Kumkasirikia maiti ni kazi ngumu kuliko kushona, kwa sababu hajibu. Je, aliona aibu kwamba mkewe anashona viti vya gari? Au aliona si heshima kunitaja mbele ya wanaume? Au siku moja aliulizwa kwa ghafla, uongo ukamtoka, kisha akashindwa kuurudisha? Kila jibu nililipima, kila moja lilimtosha. Na shida haikuishia hapo. Tumeamrishwa tuwataje maiti wetu kwa mema yao. Nikisema kweli, Himid anakuwa mwongo kabla udongo wa kaburi lake haujakauka. Nikinyamaza, mikono yangu inakuwa ya Anselmo mpaka kiyama, na magari kumi na moja yanazunguka London kumshuhudia.

Kokila, mke wa Praful, alikuwa akija kila Alhamisi kukaa nami. Kwake sikuhitaji pazia. Alhamisi ile nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, "Umewahi kumsikia fundi mmoja, Anselmo?"

Kokila alicheka mpaka akajifuta macho kwa sari. "Zuwena, blauzi zangu zote umenishonea wewe. Mshono wako haufungwi fundo, unarudi nyuma mara tatu kisha unakatwa. Mwaka wa kwanza tu nilipokaa kwenye gari la Praful niliingiza kidole pembeni ya kiti, nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nikasema moyoni, kumbe ni wewe, mpenzi wangu Anselmo, habari yako."

"Miaka yote hiyo unajua, na husemi?"

"Nilidhani unajua. Nilidhani ni mchezo wenu wa mke na mume." Akaacha kucheka aliponitazama. "Kumbe hukujua."

"Sikujua."

"Basi waambie."

"Nimwambie nani nini? Kwamba Himid alikuwa mwongo?"

Kokila akafikiri. "Mimi sikuolewa na Himid," akasema. "Ningewaambia jana."

Siku ya arobaini hitma ilisomwa, pilau ikapikwa, na klabu ikaja na magari yake yote. Yalipangwa mtaani kutoka kwetu mpaka kona, na basi moja likashindwa kupita, likarudi kinyumenyume. Himid angefurahi. Wanawake tulikuwa ukumbini. Wanaume walijazana koridoni na kwenye ngazi, sahani mikononi. Praful akaja mpaka kwenye pazia, wengine nyuma yake.

"Bhabi, Julai tuna maonyesho ya mwaka. Tumekubaliana Plymouth ikae mbele, na tutaipigilia kibao cha shaba chenye majina ya walioijenga, kibaki juu yake daima. Himid tumemwandika. Rangi, Harjit. Viti, Anselmo. Kibao kinakwenda kwa mchongaji kesho. Lakini Anselmo nani? Mtu mzima haandikwi jina moja."

"Mimi nasema asiandikwe kabisa," Harjit akadakia. "Leo arobaini, yuko wapi?"

"Ubaya wa mtu si ubaya wa viti vyake. Bhabi, tafadhali. Tazama kwenye karatasi za Himid, labda jina kamili lipo."

Kokila alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Hakunigusa wala hakunitazama. Alijifanya anahesabu zabibu kwenye pilau.

Nikasema, "Andikeni Zuwena binti Msabaha."

Nikasikia kalamu ikikwaruza. Kisha ikasimama.

"Zuwena?" akasema Harjit. "Ndiye nani huyo?"

"Ndiye aliyeshona."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

Nilingoja. Nilidhani mbingu itashuka. Lakini mnapaswa kuelewa jambo moja kuhusu waungwana wa kwetu: mwanamume mwenye heshima haulizi jina la mke wa rafiki yake. Miaka kumi na minne nilikuwa shemeji, nilikuwa bhabi, nilikuwa Mama Salha, nilikuwa "nyumbani kwa Himid". Walijua sambusa zangu kwa idadi ya kona. Jina langu hakuna aliyepata kulihitaji.

"Mkewe!" Harjit akapiga ukuta kwa kiganja. "Nimeelewa! Anselmo hakushona kitu. Alikuwa anamshonesha mkewe ghorofani, yeye anakunywa mvinyo wetu! Na Himid maskini, moyo safi, hakujua!"

Koridoni kukazuka kelele. Klabu ile haikuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya aina ya mafuta ya injini, lakini siku hiyo ilikubaliana. Mmoja akasema mwanamume wa namna hiyo hana haya. Mwingine akasema angalau angelitaja jina la mwanamke mara moja tu, lingempunguzia nini? Wa tatu, ambaye mkewe alikuwa jikoni kwangu tangu alfajiri akiosha masufuria yao, alisema kula jasho la mkeo ni dhambi katika dini zote tatu zilizokuwemo nyumbani.

Kokila alikuwa amejitia upindo wa sari mdomoni, mabega yanamtikisika.

Ni Praful peke yake aliyenyamaza. Kelele zilipopungua akauliza polepole, "Na Himid hakujua?"

"Himid alikuwa mtu mwema," nikamjibu. Nao huo ni ukweli, na siku nyingine ndio ukweli pekee ninaoumudu.

Kibao kikachongwa.

Wiki moja baadaye Kokila alikuja na habari. "Sikumwambia kitu," akaapa. "Nilimuuliza tu kwenye chakula kama anajua jina la mke wa Himid. Akatafuna chapati moja nusu saa."

Kesho yake Praful mwenyewe akaja. Salha akamfungulia, akamweka kwenye kiti cha korido. Hakuomba chai.

"Bi Zuwena," akasema.

Sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ndani ya nyumba ile, ikitaja jina lile, na tangu Machi hapakuwa na sauti kama hiyo.

"Naam, Praful."

"Nimewapigia simu wenzangu wawili. Nimewauliza jina lako, hawalijui. Nimeona aibu kumpigia wa tatu. Niwaambie?"

"Kibao kinasemaje?"

"Zuwena binti Msabaha. Kwa herufi kubwa."

"Basi kimesema. Ukiwaambia zaidi, watamtaja Himid vibaya, na hayupo kujitetea. Waache wamtukane Anselmo. Ana mgongo mpana."

Praful akacheka. Kicheko chake kilianza vizuri, kisha kikapinda katikati, nikamsikia analia, mtu mzima wa miaka hamsini na tano na funguo zikimlia mkononi. "Mjinga yule," akasema. "Mjinga. Angeniambia mimi. Ningemcheka siku moja tu, ingekwisha."

Mimi mbele ya watu nilikuwa sijalia tangu mazishi. Walisema nina subira. Siku hiyo nililia upande wangu wa pazia naye upande wake, na Salha, aliyekuwa amesimama katikati hajui ampe nani kitambaa, alimuuliza kila mmoja wetu kwa Kiingereza kama yuko sawa, na kila mmoja akamjibu kwa Kiswahili kwamba hayuko.

Alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni. "Kiti changu cha dereva kimefumuka pembeni," akasema, kama mtu anayeungama. "Maonyesho ni Julai katikati."

"Eda yangu inakwisha mwisho wa Julai. Kabla ya hapo sina kazi ya mtu."

"Nitakwendaje mbele ya watu na kiti kilichofumuka?"

"Utakikalia, Praful. Ukikikalia hakionekani."

Akaenda nacho hivyo hivyo, na Kokila ananiambia siku nzima hakuthubutu kushuka garini.

Nilikishona Agosti. Alikuja kukichukua mwenyewe, mchana, akasimama barabarani kando ya Plymouth akaniita kwa jina langu kamili, na la baba yangu, kwa sauti ya mtu anayenadi bidhaa. Bwana Lawrence akainua kichwa kwenye waridi zake. Nilitoka na kiti begani, nikampa, nikamwambia apunguze kelele, kuna watu wamelala, na Himid mmoja wao.